Dabo Hasi Ipigwe Lini?

Mwambie Mnairobi "matatu", atatafuta nauli mfukoni. Mwambie kijana wa Kampala, atatafuta pakiti ya karata. Neno ni lilelile. Mapatano ya wanaolitumia ndiyo yaliyotofautiana. Nililikumbuka hilo Jumamosi moja ya mvua, barazani Ntinda, pale kadi ndogo nyekundu yenye alama ya X ilipowekwa mezani na wenza wawili wakaisoma kila mtu kivyake.

Meza yenyewe ni ya briji. Wachezaji ni wanne, nami nimewapa vyeo badala ya majina. Mzee ni mfanyabiashara wa Mombasa aliyehamia Kampala ujanani. Mpaka leo anaziita karata kwa majina ya pwani, shupaza, kopa, uru na pau, yaliyoachwa na Wareno, na meza nzima imemfuata. Mwalimu ndiye mwenye nyumba. Alifundisha hesabu sekondari hadi kustaafu. Daktari ni mtu wa Bukavu. Kijana anasoma Makerere. Kwenye matatu hashindiki hosteli nzima, lakini briji ana miezi minne nayo. Mimi kazi yangu ni kuandika alama.

Kwa asiyeujua mchezo, briji huanza na mnada. Kila mtu ana karata kumi na tatu, na wanaotazamana ni wenza. Anayesema "kopa moja" ameahidi kwamba upande wake utakula duru saba kopa ikiwa turufu. "Kopa mbili" ni duru nane, na ghorofa zinaendelea hadi saba. Ree huhesabiwa pointi 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1, hivyo pakiti nzima ina 40. Katika mnada huruhusiwi kusema lolote isipokuwa namba na aina ya karata, "bila turufu", "pasi", "dabo", na "ridabo" ya kuijibu dabo. Kwa maneno hayo machache unapaswa kumweleza mwenzako karata ambazo hazioni. Zamani "dabo" ilikuwa na maana moja tu: wapinzani mmejitia kwenye mkataba msiouweza, na adhabu yenu iongezwe.

Jumamosi ile Mzee alifungua mnada kwa shupaza moja. Daktari akaingilia kwa kopa mbili. Kijana, mwenza wa Mzee, akaweka dabo. Mwalimu akapasi, Mzee naye akapasi, na mkataba ukabaki kuwa kopa mbili zenye dabo. Daktari akala duru nane, hakupungukiwa hata moja. Kopa mbili zikipigwa dabo ni pointi 120, na penye 100 ni mchezo kamili. Upande wa Daktari ulikuwa "hatarini", hali ambayo zawadi na adhabu hupanda, kwa hiyo wakapata 500 za mchezo na 50 za kuishinda dabo. Niliandika 670. Bila dabo wangeambulia 110.

Mzee akaweka miwani mezani. Mjadala ukaanzia hapo.

MZEE: Mwanangu, mimi nimeiona dabo yako nikasema alhamdulillahi, kijana ana kopa za kumwaga. Nikapasi, nikangojea uwaangushe. Kumbe unazo tatu za kuokota!

KIJANA: Mzee, sikusema nina kopa. Nilisema ninazo zile nyingine. Tazama: shupaza 8 na 5. Kopa 7, 6 na 3. Uru mfalme, bibi, 9 na 4. Pau ree, ghulamu, 6 na 2. Pointi 10. Kupasi ni kukunyima habari kwamba nina mali. Shupaza zako ninazo mbili tu. "Bila turufu" siwezi, kopa zao sina cha kuzizuia. Nikitaja uru au pau ghorofa ya tatu, utadhani ninazo tano au sita na nguvu zaidi ya hizi. Kwa hiyo niliweka dabo uchague mwenyewe kati ya uru na pau.

MZEE: Nami nilikuwa na uru nne zenye ree! Nane mezani, tumeziacha zilale.

MWALIMU: Kosa ni langu kwa sehemu. Dabo hasi nilimfundisha mimi, Jumatano, wewe hukuwepo. Nilimpa neno nikasahau kwamba anaongea na mtu mwingine.

MZEE: Basi liondoe. Dabo ni rungu. Mtu akiingia shambani kwako unampiga rungu. Humuulizi anapenda ndizi au muhogo.

MWALIMU: Rungu hilo lilibadilishwa kazi mwaka 1957, Mzee. Mmarekani Alvin Roth, pamoja na mwenzake Tobias Stone, walisema hivi: mwenzangu akifungua na mpinzani akaingilia kwa aina yoyote ghorofa za chini, dabo yangu haimtishi mpinzani. Inamwambia mwenzangu kwamba nina nguvu kiasi, na ninazo aina ambazo hazijatajwa. Oktoba ya mwaka huohuo Warusi walirusha Sputnik, na dabo hiyo mpya ikapewa jina la chombo hicho. Wakati huo Uganda ilikuwa bado miaka mitano kuufikia uhuru. Hili si jambo la jana.

MZEE: Na Sputnik yenyewe ilikaa angani miezi mitatu tu, ikarudi ikaungua.

DAKTARI: Dabo haikuungua. Wachezaji wengi wa mashindano leo wanaitumia. Lakini swali la Mzee ni la haki, nami nitalisimamia: unapokubali dabo ya kuuliza, dabo ya kuadhibu unaipeleka wapi?

MWALIMU: Nianze na hesabu. Anayeingilia kwa kopa, kwa kawaida anazo tano au zaidi. Zinabaki nane kwa watu watatu. Kila mmoja hafikishi hata tatu kwa wastani. Mzee, wewe uketiye nyuma yake unataka kopa tano nzuri ili uadhibu. Utazipata mara ngapi kwa mwezi? Lakini mkono kama wa Kijana, wenye pointi nane au kumi na aina mbili nyingine, unakuja kila jioni. Unatumia neno fupi kuliko yote mezani kwa jambo linalotokea kwa nadra, halafu kwa jambo la kila siku unabaki bubu.

MZEE: Papa naye huja mara moja kwa mwaka, Mwalimu. Siku akija analipa deni la dagaa wote. Nikupe mfano. Mwenzangu kafungua shupaza moja, mpinzani aliye hatarini kaingilia kwa pau mbili. Mimi ninayo shupaza 6 peke yake. Kopa ree, 9, 4. Uru mfalme, 8, 5, 3. Pau mfalme, ghulamu, 10, 7, 2. Pau tano nyuma yake! Napiga dabo, anaanguka duru tatu, naandika 800. Kwa dini yenu mpya, papa huyu anaogelea anakwenda zake.

MWALIMU: Haendi popote. Unapasi.

MZEE: Napasi? Na pau tano mkononi?

MWALIMU: Unapasi, na unapasi kwa mwendo uleule unaopasi ukiwa huna kitu. Upande wa pili mwenzako aliyefungua anajitazama. Ana pau moja tu, au hana kabisa. Anajiuliza: wapinzani wameishia ghorofa ya pili, mimi sina pau, mwenzangu kanyamaza, pau ziko wapi? Akiwa na mkono wa kawaida kama shupaza tano, kopa nne, uru tatu na pau moja, anaufungua mnada upya kwa dabo. Dabo yake nayo ni ya kuuliza. Wewe unaijibu kwa pasi, na hapo pasi yako inaigeuza kuwa adhabu. Ni pau mbili zilezile zenye dabo, 800 zilezile.

Mzee alinyamaza kidogo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na mke wa Daktari akaleta gonja za kuchoma kwenye sinia.

MZEE: Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

KIJANA: Kwa hiyo anayekubali dabo hasi amekubali vitu viwili. Dabo, na pasi inayotega.

DAKTARI: Na mwenza asiyelala. Hapo ndipo wengi huumia. Wanajifunza nusu ya kwanza, dabo, kwa sababu ina raha ya kusema. Nusu ya pili inamtaka aliyefungua azindue mnada akiwa na pointi 12 tu, gizani, naye anaogopa. Akiogopa mara moja, mwenye mtego anapoteza imani. Wiki ijayo akipata pau tano anapiga dabo kwa nguvu akitumaini mwenzake ataelewa kwa macho. Basi, neno limekufa.

MZEE: Na aliyefungua akizindua, kumbe mwenzake kapasi kwa sababu hana hata ghulamu?

DAKTARI: Ndiyo, pasi hiyo ina sura mbili. Kuna pasi ya mtego na kuna pasi ya njaa. Aliyefungua hawezi kuzitofautisha, wala hapaswi. Anatazama karata zake tu: akiwa mfupi katika aina ya mpinzani, kanuni ni kuzindua. Akiwa nazo tatu au nne, ni nadra mwenzake kuwa na mtego, basi apasi tu. Mwenye njaa naye ana jukumu: akizinduliwa, arudi kwenye aina ya kwanza ya mwenzake, au ataje iliyo nafuu, kisha anyamaze. Mara nyingine mtapoteza 100. Hiyo ndiyo bei.

MWANDISHI: Tushuke kwenye mambo ya kila siku. Kijana, unapojua kwamba sasa ndio wakati wa dabo hasi, unajua kwa nini?

KIJANA: Najiuliza kwanza kama nina jambo la wazi zaidi la kusema. Dabo huja mwisho. Nina shupaza tano na nguvu za kutosha? Nazitaja. Mwenzangu kafungua kopa, nami ninazo tatu? Namuunga mkono. Mkono wangu umesawazika, aina ya mpinzani naizuia, na sina nne za aina kubwa ya kutafuta? Nataja bila turufu. Yote hayo yakishindikana na bado nina pointi, dabo.

MWALIMU: Vizuri. Tukumbushe aina kubwa ni zipi.

KIJANA: Shupaza na kopa, kwa sababu mchezo kamili kwa turufu hizo ni duru kumi. Uru na pau zinadai kumi na moja. Ndiyo maana dabo hasi, kwanza kabisa, inatafuta shupaza nne au kopa nne ambazo zisingepata njia.

MWALIMU: Toa mfano usio wa leo.

KIJANA: Mwenzangu kafungua uru moja, mpinzani kaingilia kwa shupaza moja. Nina shupaza 7 na 3. Kopa mfalme, bibi, 8 na 4. Uru ghulamu, 6 na 2. Pau bibi, 9, 5 na 3. Pointi 8. Nikisema kopa mbili nimeahidi kopa tano na pointi 10 au zaidi. Sina yoyote kati ya hizo. Dabo inasema nina kopa nne. Mwenzangu akiwa na kopa ree, ghulamu, 7 na 2 kwenye mkono wa pointi 14, anasema kopa mbili. Tunapoteza shupaza mbili, pau moja, labda na uru moja. Turufu zikigawanyika vizuri tunakula duru tisa, moja zaidi ya mkataba. Kwa dabo ya rungu ningepasi, na kopa zetu nane zisingejuana.

MZEE: Huo nimeukubali. Endelea, usije ukavimba kichwa.

KIJANA: Kuna mmoja ulionichoma. Mwenzangu alifungua pau moja, mpinzani akaingia kwa kopa moja. Nilikuwa na shupaza tano, nikapiga dabo. Mwenzangu alikuwa na shupaza tatu. Akadhani ninazo nne, akarudi kwenye pau mbili, tukazichezea hapo. Shupaza zetu nane zikaachwa.

MWALIMU: Kwa sababu ghorofa ya kwanza ilikuwa wazi. Juu ya kopa moja, "shupaza moja" haikugharimu kitu. Basi wachezaji wengi wamegawa kazi: dabo ni shupaza nne kamili, na kuzitaja shupaza ni tano au zaidi. Mpinzani akiingilia kwa uru moja, nafasi ni pana zaidi: mwenye kopa nne azitaje, mwenye shupaza nne azitaje, na dabo ibaki kwa mwenye nne za kila moja. Mpinzani kakuuzia neno la bure. Usilitumie kurudia lile ulilonalo.

DAKTARI: Na kinyume chake pia kipo. Mtu ana kopa sita na pointi saba. Mpinzani kaingilia kwa shupaza moja. Kopa mbili hawezi, nguvu hazitoshi. Apige dabo, mwenzake akijibu kwa pau mbili au uru mbili, ndipo ataje kopa mbili. Hapo mwenzake anaelewa: kopa ni ndefu, mfuko ni mwepesi, tuishie hapa.

MZEE: Pointi ngapi ndizo za kutosha? Maana Kijana ana 8, mwingine 7, leo 10. Mnazipima kwa mizani gani?

MWALIMU: Kila ghorofa ina kodi yake. Jiulize dabo yako inamlazimisha mwenzako aseme kwenye ghorofa gani. Akiweza kujibu ghorofa ya kwanza, 6 zinatosha. Ya pili, 8. Ya tatu, 10 au karibu yake. Na juu hakuna mwisho: hata ukiwa na 16 unaweza kuanza kwa dabo, kisha ukaonyesha nguvu baadaye. Anayesema "dabo hasi ni ya wanyonge" hajaielewa.

DAKTARI: Niongeze: uwe na mahali pa kutua. Mwenzako kafungua kopa moja, mpinzani kaingilia kwa uru mbili, nawe una shupaza nne. Dabo inaahidi shupaza hizo, lakini mwenzako anaweza kujibu kwa pau tatu. Una pau? Kama huna, una kopa mbili za kurudia kwake? Kama huna zote mbili, umemrusha mwenzako kutoka kwenye boda boda bila kumwambia ashuke wapi.

MWANDISHI: Na aliyefungua anajibu vipi?

MWALIMU: Kama vile mwenzake ameitaja aina hiyo kwa mdomo. Uru moja, shupaza moja, dabo: ana kopa nne? Akiwa na 12 hadi 15, kopa mbili. Akiwa na 16 au 17, aruke hadi kopa tatu. Akiwa na 18 au 19, aende nne moja kwa moja. Hana kopa? Ataje bila turufu moja kama anazizuia shupaza, au ataje pau, au arudie uru. Kupasi ni ruhusa tu akiwa na shupaza nyingi na nzuri mwenyewe, jambo ambalo ni nadra.

MZEE: Nami nilipasi nikiwa na kopa mbili. 9 na 4.

MWALIMU: Wewe ulipasi ukiwa mwaka 1956, Mzee.

Wote wakacheka, na Mzee akacheka wa mwisho.

MZEE: Sawa. Lakini mnada ukipanda? Mpinzani anaruka hadi shupaza tatu, mnaniambia bado mnauliza?

DAKTARI: Hapo wenza hutofautiana. Wapo wanaoishia shupaza mbili, wengi shupaza tatu, wengine wanapanda hadi uru nne. Mimi napendelea shupaza tatu. Juu ya hapo mwenzako hana tena nafasi ya kuchagua kwa raha. Dabo iwe ni taarifa kwamba una nguvu, naye aamue kubaki au kutoka. Mpinzani akiingilia kwa bila turufu moja, hilo ni jambo lingine kabisa. Yeye kasema ana aina zote na pointi 15 au zaidi. Huna aina ya kuuliza. Ukiwa na 9 au 10, pakiti haiwezi kuwatosha wote. Dabo hapo ni rungu la Mzee, halisi.

MZEE: Afadhali mmeniachia hilo.

Nilitaka kufunga daftari. Lakini Mzee alikuwa na donge ambalo halikuwa la pointi.

MZEE: Niseme kinachoniuma. Karata ni lugha. Mtu ukijua neno, unalijua. Leo mnaniambia "dabo" haina maana yake. Kesho mtaniambia pasi si pasi.

MWALIMU: Pasi si pasi, tumeshakuonyesha. Lakini ngoja nikuulize, Mzee. Ulipofika Kampala, watu walikusikiaje ukizungumza Kiswahili?

MZEE: Walinyamaza. Wengine walitafuta mlango.

MWALIMU: Mimi nilikuwa msichana. Kwetu, Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, toa kitambulisho, keti chini. Mama yangu alikuwa akisikia neno moja la Kiswahili anazima taa. Kwake lugha nzima ilikuwa dabo ya adhabu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mjukuu wangu anarudi nyumbani ananiambia "shikamoo bibi". Maneno ni yaleyale aliyoyaogopa mama yangu.

KIJANA: Lakini hayakubadilika kwa tangazo peke yake. Wapo wanaoyaogopa bado.

MWALIMU: Ndicho ninachosema. Hayabadiliki mpaka wote wawili, anayesema na anayesikia, wakubaliane. Leo Kijana alisema kwa lugha ya Jumatano, Mzee akasikia kwa lugha ya zamani. Hakuna aliyedanganya, na 670 zimeandikwa.

DAKTARI: Na mapatano yasiwe ya siri. Sheria za briji zinataka wapinzani wajue maneno yenu yana maana gani. Mimi nina haki ya kumuuliza Mzee dabo ya Kijana inasema nini, naye anijibu kweli. Zamani mtu alikuwa akisema "dabo" kwa upole akimaanisha "chagua", na akipiga meza anamaanisha "waadhibu". Huo ni wizi, hata kama mezani mnacheka. Ndiyo maana leo tunaweka kadi ya X kimya kimya.

MZEE: Mimi nilikuwa nikipiga meza.

DAKTARI: Nilikuwa nikisikia. Ndiyo maana nilikuwa nikikimbia kila ulipopiga.

Mzee akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua leo kwamba mfuko wake ulikuwa na tundu kwa miaka ishirini. Kisha akaomba kalamu yangu. Nyuma ya karatasi ya alama akaandika kwa herufi za mkupuo, akiuliza na kujibiwa: dabo ya kuuliza hadi shupaza tatu. Bila turufu ikiingilia, adhabu. Aina yao ikiwa kwangu, pasi. Mwenzangu akiwa mfupi, anazindua. Kijana alitia saini chini yake, Mzee akatia yake, na Daktari akaomba asome, kama ilivyo haki yake.

Mvua ilikuwa imepungua. Tukacheza mkono wa mwisho. Safari hii Kijana ndiye aliyefungua, shupaza moja. Mwalimu, aliyekuwa tena hatarini, akaweka pau mbili. Ikawa zamu ya Mzee. Nilikuwa nyuma yake, nikaziona karata zake: pau zilikuwa tano, zikiongozwa na ree na ghulamu. Mkono wake wa kulia ulielekea kwenye kisanduku cha kadi, ukagusa ile nyekundu, ukapita. Akaweka ya kijani: pasi. Hakukohoa, hakuvuta kiti.

Daktari akapasi. Kijana akazitazama karata zake, akaitazama ile karatasi iliyotiwa saini, akaweka X. Mwalimu akapasi, macho yake yakiwa tayari yana mashaka. Mzee akapasi mara ya pili, kwa mwendo uleule wa mara ya kwanza. Daktari hakuwa na pa kukimbilia.

Pau mbili zenye dabo, zikaanguka duru mbili. Niliandika 500 upande wa Mzee na Kijana. Mchezo kamili wa kwao, kwa kuwa wao hawakuwa hatarini, ungewapa 400 na kitu tu.

Kijana alikuwa akitabasamu waziwazi. "Mzee, umeikubali dabo hasi?"

Mzee akakusanya karata, akazipigapiga kingo mezani hadi zikalingana, akaninyooshea pakiti.

"Sijakubali kitu, mwanangu," akasema. "Nimepasi tu."